Kwa Nini Gemu la Kijapani Linakudai Saa Sitini

Swali: Shikamoo mtaalamu. Binamu yangu amesafiri na kuniachia mashine yake ya Nintendo Switch yenye Dragon Quest XI S, gemu ambalo analisifu kuliko yote aliyowahi kucheza. Nimelicheza kwa saa nane. Michoro inavutia, muziki hauna kasoro, lakini mambo ni yale yale: nakutana na zimwi, nachagua kushambulia, nasubiri zamu yangu, nashinda, natembea hatua kumi, nakutana na jingine. Mimi nimezoea magemu ya mpira na ya kupigana ngumi, ambako kidole hakipumziki. Watu wanaona nini katika magemu haya ya Kijapani ya mtindo wa zamani? Kasoro iko kwangu au kwenye gemu? Niendelee, au nimrudishie mwenyewe mashine yake?

Jibu: Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo jepesi: usirudishe mashine bado, ila kuna mambo mawili ya kubadilisha katika namna unavyocheza, nami nitayafikia. Zito ni lile la kwanza, watu wanaona nini, kwa sababu kinachokuchosha wewe na kinachompendeza binamu yako ni kitu kimoja. Magemu haya hayataki wepesi wa kidole, yanataka muda. Yanachukua saa zako, yanazigeuza kuwa nguvu za wahusika unaowaongoza, kisha yanakulipa kwa hadithi, kwa nchi mpya za kuzunguka, na kwa ile raha ya kumshinda leo yule aliyekuua jana. Gemu likilipa kwa haki, mchezaji hahesabu saa; likipunja mizani, hata saa nane, kama hizo zako, zinakuwa nyingi.

Mtindo huu ulizaliwa kwa kubanwa. Yuji Horii, aliyekuwa akiandika katika jarida la katuni la Shonen Jump, pamoja na mtengeneza programu Koichi Nakamura, walikuwa wameyapenda magemu mawili ya Kimarekani ya mwaka 1981, Wizardry na Ultima. Hayo yalichezwa kwenye kompyuta ghali, kwa kibodi, na mchezaji alitarajiwa kusoma kitabu cha maelekezo na kuchora ramani kwa mkono wake. Horii na mwenzake walitaka kuileta raha hiyo kwenye Famicom, mashine ya Nintendo iliyokuwa sebuleni mwa watoto wa Japani, ambayo kidhibiti chake kilikuwa na kitufe cha msalaba cha kuelekeza na vitufe viwili tu vya vitendo. Kaseti ya Dragon Quest ya kwanza, iliyouzwa kuanzia tarehe 27 Mei 1986, ilibeba kilobaiti 64. Picha moja uliyopiga leo kwa simu yako ina uzito mara nyingi kuliko gemu lile zima, pamoja na ramani yake, muziki wake na maneno yake yote. Hata herufi zilihesabiwa: mfumo wa pili wa silabi za Kijapani, ule wa katakana, haukutosha kuingia wote, ikabidi majina ya mazimwi na ya uchawi yatungwe kwa zile herufi chache zilizopata nafasi.

Nakuomba utazame jinsi gemu lile linavyoanza, kwa maana jibu la swali lako limo katika dakika zake tano za mwanzo. Umesimama mbele ya mfalme na mlango wa ukumbi umefungwa. Ukumbini mna masanduku matatu: moja lina sarafu 120, moja lina mwenge, moja lina ufunguo. Hutoki mpaka umefungua sanduku, umeutwaa ufunguo, umefungua mlango na kushuka ngazi, na ukishafanya hayo umekwisha kufundishwa sehemu kubwa ya gemu bila kusoma ukurasa hata mmoja. Unatoka nje, na ng'ambo ya maji, karibu kabisa, unaliona kasri la adui unayetakiwa kumuua. Linaonekana lakini halifikiki. Njia ya kwenda huko ni kuizunguka nchi nzima. Unapiga hatua chache majanini, anakutokea Slime, tone la buluu lenye tabasamu lililochorwa na mchoraji wa katuni Akira Toriyama. Unampiga, anakufa, unapata pointi moja ya uzoefu. Ukifikisha pointi saba, unapanda daraja la pili. Daraja la 30, ambalo ndilo la mwisho, linataka pointi 65,535, na namba hiyo haikuokotwa tu: ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuandikwa katika baiti mbili.

Kati ya saba na 65,535 ndimo mnamokaa utamu wote wa magemu haya na karaha yake yote.

Utamu kwanza. Ukiuawa katika Dragon Quest, huanzi upya. Unaamka mbele ya mfalme, anakusuta kidogo, umepoteza nusu ya fedha zako, lakini uzoefu wote ulioupata unabaki nao. Maana yake ni kwamba hakuna jioni iliyopotea bure. Katika gemu la mpira, kama wewe ni hodari kuliko mimi, utanifunga leo, utanifunga kesho, na pengine utanifunga mpaka mmoja wetu aache kucheza. Huku, mtoto asiye na kidole chepesi, mzee ambaye macho yake yameanza kuchelewa, au mtu aliyetoka kazini amechoka, wote wanaweza kulimaliza gemu lile lile analolimaliza bingwa, kwa kuwa pale ujuzi unapopungua, subira inajazia. Horii alilijua hilo, nalo ndilo lililowafanya Wajapani wa kila umri wayakumbatie magemu haya. Dragon Quest III ilipotoka tarehe 10 Februari 1988, siku ya Jumatano, foleni zilizunguka maduka na wanafunzi karibu 300 walikamatwa kwa kutoroka shule. (Ukisikia kwamba serikali ya Japani ilitunga sheria ya kukataza Dragon Quest kuuzwa siku za kazi, usiamini, ni kampuni yenyewe iliyoamua kuuza matoleo yaliyofuata siku za mapumziko.)

Nawe usiidharau zamu. Mtu aliyekaa kwenye bao hapigiwi saa wala haharakishwi. Anashika kete, anahesabu mashimo, anaona mbali, kisha anacheza, na hakuna anayesema kwamba bao ni mchezo wa kulala kwa sababu mikono haikimbii. Zamu iliyotungwa vizuri inakupa uamuzi wa kufanya. Mfano ninaoupenda ni Final Fantasy X ya mwaka 2001, kutoka mfululizo mwingine mkubwa wa Kijapani. Pembeni mwa skrini kuna orodha inayoonyesha nani atacheza sasa, nani baadaye, na orodha hiyo inabadilika mbele ya macho yako kulingana na kitendo unachokusudia: ukitumia kitu chepesi, zamu yako inarudi mapema, ukitumia kizito, inachelewa. Una watu saba, watatu tu ndio wako uwanjani, na unaweza kumtoa mmoja na kumwingiza mwingine katikati ya pambano bila kutozwa chochote. Ndege anaruka juu, unamwita Wakka mwenye mpira. Kobe mwenye gamba gumu anakuja, unamwita Auron mwenye upanga mzito. Kiumbe cha utelezi kisichoumizwa na chuma, unamwita Lulu mwenye uchawi. Baada ya saa chache unaanza kuwasoma maadui kwa kuwatazama tu, na hapo ndipo mchezaji anapogundua kwamba kwa muda mrefu amekuwa akifundishwa bila kuhisi darasa.

Halafu kuna jambo ambalo filamu ya saa mbili haiwezi kulifanya, nalo ni mazoea. Naomba radhi kwa asiyejua, ingawa habari hii ina umri wa zaidi ya robo karne: katika Final Fantasy VII, iliyotoka Japani tarehe 31 Januari 1997 kwa diski tatu, binti aitwaye Aerith anauawa mwishoni mwa diski ya kwanza. Watu walilia. Wengine walihangaika kwa miaka wakitafuta siri ya kumfufua, siri ambayo haipo. Ukitazama kwenye intaneti tukio lile peke yake, unaona vikaragosi vya pembe pembe na muziki wa piano, na unajiuliza kulikuwa na nini cha kuliza. Lakini mchezaji hakuwa amemtazama Aerith. Alikuwa amemnunulia fimbo, amempandisha madaraja, ameponywa naye mara mia, na siku ya pili anapofungua menyu kupanga kikosi anakuta hayumo. Uchungu ule ulijengwa na yale yale mapigano madogo unayoyalalamikia.

Kuhusu muziki nitasema moja tu. Tarehe 23 Julai 2021, Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa Tokyo, wanariadha wa mataifa yote, wa Kenya na Tanzania wakiwemo, waliingia uwanjani kwa muziki wa magemu, na wimbo wa kwanza kabisa ulikuwa ule wa ufunguzi wa Dragon Quest uliotungwa na Koichi Sugiyama. Huenda uliusikia siku ile bila kujua kwamba ndio unaokukaribisha kila unapoiwasha mashine ya binamu yako.

Sasa nije kwenye malalamiko yako, ambayo mengi yana haki, na mengine hujayafikia bado.

Zamu ni tamu pale penye uamuzi, na tatizo la mtindo wa zamani ni kwamba zamu nyingi hazina uamuzi wowote. Unapompiga zimwi ambalo litakufa kwa vyovyote, hufikirii; unabonyeza. Magemu mengi ya Famicom na ya mashine iliyofuata yalikuwa yakikushtukiza kwa mapambano usiyoyaona yakija, hatua kumi kwa hatua kumi kama ulivyosema, na sehemu ya sababu ilikuwa ni kulinyoosha gemu dogo lionekane refu, mnunuzi asije akasema ameuziwa kitu cha wikendi moja. Na dawa ilikuwepo zamani. EarthBound ya Shigesato Itoi, iliyotoka Japani mwaka 1994 kwa jina la Mother 2, ilikuonyesha adui zako njiani, na ukiwa umewazidi nguvu sana, ulihesabiwa umeshinda papo hapo bila hata pambano kufunguka. Gemu hilo hilo lina baba ambaye humwoni. Anakupigia simu, na ukiwa umecheza muda mrefu anakushauri upumzike. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mtunzi amewahi kuutolea muda wa mchezaji wake, na inanishangaza kwamba wengi waliokuja baadaye hawakuiga.

Kuna na waliofanya kinyume. Bravely Default, iliyotoka kwenye Nintendo 3DS mwaka 2012, ina mfumo wa mapigano mwerevu sana: unaweza kukopa zamu zako za baadaye na kuzitumia zote sasa, kisha ukasimama bila kinga mpaka deni liishe. Lakini nusu yake ya pili inakurudisha kwa mabosi, yaani maadui wakubwa, wale wale, na kisha tena, na kisha tena, hadithi ikisogea kwa unyoya. Mtunzi ana sababu zake ndani ya kisa, nami nimezisoma, ila sababu ya kumpunja mtu haiongezi uzito wa kibaba.

Kosa la pili ni kuchelewa kuanza, na hapo ndipo ulipo wewe. Final Fantasy XIII ya mwaka 2009 inakupitisha kwenye vichochoro vilivyonyooka kwa sura kumi kabla ya kukufungulia nchi ya wazi katika sura ya kumi na moja, na watetezi wake hukwambia kwamba likifika huko linanoga. Mimi jibu hilo silikubali. Mpishi anayesema pilau yake ina ladha ukishafika nusu ya sinia ana kesi ya kujibu. Dragon Quest XI si mbaya kiasi hicho, lakini nayo ina kasi ya mzee aliyetoka msikitini, anayesalimia kila baraza, na saa zake za kwanza zimejaa mapambano mepesi mno kwa mtu aliyewahi kushika kidhibiti.

Kosa la tatu ni dharau ndogo ndogo kwa muda wa mchezaji. Ile Final Fantasy X niliyoisifu haikuruhusu kuruka maonyesho ya hadithi. Kwenye Mlima Gagazet unakutana na Seymour, adui mgumu kuliko wote uliokwishawaona, na mahali pa kuhifadhi ulipofikia pamewekwa kabla ya mazungumzo, si baada yake. Ukiuawa, unayasikiliza yote upya, dakika kwa dakika, na ukiuawa tena, tena. Final Fantasy XII ya mwaka 2006 ilikuwa na mkuki uitwao Zodiac Spear, silaha kali kuliko zote, na njia ya uhakika ya kuupata ilikuwa kutofungua masanduku manne fulani yaliyotawanyika katika gemu, ambayo hayana alama yoyote ya kuyatofautisha na mamia ya mengine. Gemu limekufundisha tangu mwanzo kwamba sanduku ni la kufunguliwa, kisha linakuadhibu kwa kutii. Hiyo haikuwa changamoto. Ilikuwa njia ya kuuza vitabu vya mwongozo.

Na kuhifadhi kwenyewe kulikuwa mateso. Dragon Quest ya kwanza, huko Japani, haikuwa na mahali pa kuweka kumbukumbu, kwa hiyo mfalme alikupa maneno ya herufi 20 uyaandike kwenye karatasi na kuyaingiza siku ya pili. Katika Dragon Quest II yakafika herufi 52. Ukikosea moja, jioni zako zote zimekwenda. Betri ya kuhifadhi ndani ya kaseti iliingia na Dragon Quest III. Nami nina kovu langu. Final Fantasy X niliichezea kwenye banda la gemu la mtaani kwetu, nikilipa kwa nusu saa kama wacheza mpira, jambo ambalo peke yake linakuonyesha kwa nini magemu haya hayakuota mizizi vibandani: mechi inaisha ndani ya nusu saa, na kwa nusu saa hiyo hiyo mimi nilikuwa nimeongea na wanakijiji wanne na kununua dawa. Mwenye banda alikuwa na kadi moja ya kumbukumbu ya megabaiti 8. Siku moja nilifika nikiwa na saa 31 ndani yake, nikakuta vijana wamejaza ligi yao, na mashine ilipowaambia nafasi imekwisha, walikubali kufuta kile ambacho hakuna aliyekijua ni cha nani. Nilikaa miaka mitatu ndipo nikalianza tena.

Lugha nayo si jambo dogo. Magemu haya yamejaa maneno kuliko aina nyingine zote, na hakuna hata moja kati ya hayo makubwa niliyoyataja linalopatikana kwa Kiswahili, kwa hiyo msomaji wetu analicheza kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi ni lugha ya pili au ya tatu. Tena watafsiri wa Dragon Quest XI walijipa raha zao: kila mji una lafudhi yake. Hotto, ule mji wa mabafu ya moto, wenyeji wote wanazungumza kwa haiku, yaani mashairi mafupi ya Kijapani ya silabi tano, saba, tano. Gondolia wanaongea Kiingereza cha Mtaliano. Kwa anayekijua Kiingereza cha kitabuni, mzaha huu unageuka kuwa ukuta, na nashuku sehemu ya uchovu wako ni wa kusoma, si wa kupigana. Hapo sina dawa, isipokuwa kukwambia kwamba usiposhika kila neno la mpita njia wa Hotto hujapoteza kitu cha hadithi.

Yapo na mengine ambayo nayapitia upesi kwa kuwa yanajulikana: shujaa asiyefungua kinywa, kijana aliyeteuliwa na majaliwa kuiokoa dunia, na mizaha juu ya maumbile ya wanawake ambayo ilikuwa imechacha tayari miaka thelathini iliyopita na bado Dragon Quest XI imeibeba. Ukiwa unacheza sebuleni mbele ya wazazi, kuna mahali utatafuta kitufe cha kupunguza sauti.

Jina lenyewe la JRPG, yaani gemu la Kijapani la kuigiza mhusika, ambalo wachezaji wa Magharibi walilibuni, si wote wanaolipenda. Naoki Yoshida, mtayarishaji wa Final Fantasy XVI, alieleza mwaka 2023 kwamba watengenezaji wa Japani walipolisikia kwa mara ya kwanza walihisi kama wanabaguliwa. Final Fantasy XVI yenyewe iliacha zamu kabisa ikawa ya mapigano ya papo kwa papo. Wakati huo huo, mfululizo wa Yakuza, uliojulikana kwa ngumi za barabarani, uligeukia zamu mwaka 2020, na shujaa wake mpya, Ichiban Kasuga, ni mtu mzima anayeyaona maisha kama Dragon Quest aliyoicheza utotoni. Na Aprili 2025 Wafaransa wa Montpellier walitoa Clair Obscur: Expedition 33, gemu la zamu ambamo, adui akikushambulia, unatakiwa kubonyeza kwa wakati sahihi ili kukinga au kukwepa. Kwa mtu wa magemu ya ngumi kama wewe, hilo lingekuwa daraja zuri la kuvukia, ukipata mashine ya kulichezea.

Haya, mambo mawili niliyokuahidi. La kwanza: fungua mipangilio ya vita uongeze kasi hadi ile ya juu kabisa, kwa sababu toleo hili la S lina kasi tatu, nayo huanza na ya kwanza, ambayo mimi naiona ya kobe. Hapo hapo waachie wenzako wapigane kwa akili yao katika mapambano madogo, wewe ukiwaamuru mwenyewe mbele ya bosi tu. La pili: acha kupigana na kila unachokiona. Katika gemu hili mazimwi yanaonekana uwandani, si ya kushtukiza, kwa hiyo unaweza kuyazunguka. Ukiwa juu ya farasi, mengi madogo unayagonga yanaruka pembeni na safari inaendelea. Mchezaji mgeni hupigana na kila zimwi kwa hofu ya kubaki nyuma, anafika kwa bosi akiwa amemzidi mbali, bosi anakufa bila kumfikirisha, na anahitimisha kwamba gemu halina kichwa. Kama bado utaliona jepesi, kuna chaguo la mazimwi yenye nguvu zaidi, lakini linawekwa pale unapoanza gemu jipya, na kwa mtu aliyefikisha saa nane tu, kuanza upya si hasara kubwa.

Baada ya Hotto utapelekwa jangwani, kwenye mji wa Gallopolis, kuna mashindano ya farasi, na baada yake unatumwa kumtafuta nge mkubwa wa mchangani. Mpige huyo nge kwa kuwaamuru wote mwenyewe: Serena anaponya, Veronica anaunguza, Erik ana visu vya kulaza na kutia sumu. Ukijikuta umeinama mbele, unajiuliza umponye mwenzako sasa au uthubutu kupiga mara moja zaidi, basi umeshaona wanachokiona watu, na unaweza kuendelea. Ukimmaliza nge ukiwa bado unapiga miayo, magemu haya hayakufai, wala hilo si kosa la mtu. Kabla ya kuhitimisha hivyo, labda ujaribu moja tu fupi, Chrono Trigger ya mwaka 1995, ambayo Horii, Toriyama na Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy waliitunga pamoja: adui unawaona njiani, inaisha kwa takriban saa 20 na kitu, na inauzwa kwa simu.

Na kabla ya kugusa chochote, tengeneza jina lako mwenyewe la mtumiaji kwenye hiyo Switch na uhamie huko. Kama saa hizi nane umezicheza kwa jina la binamu yako, angalia leo leo ni nafasi ipi umekuwa ukiihifadhi juu yake.